Mzee alinunuliwa sabufa akazidi kutosikia: nilivyochagua spika na kuipanga sebule upya

Wakuu, habari za humu ndani.

Aliye mkubwa kwangu nampa shikamoo yake, ingawa kwa ninavyoona mnavyoandika humu, sidhani kama yupo. Waliobaki wote, marahaba.

Nimesoma jukwaa hili la vifaa vya sauti muda mrefu bila kusema neno. Naona watu wanauliza sabufa gani ina besi nzito, sabufa gani inatikisa nyumba. Nikasema ngoja na mimi nieleze yaliyonikuta, maana inayotikisa nyumba nimeishi nayo, na nimeitoa.

Ninayoandika yametokea sebuleni kwangu, huku juu Akheri, ukipanda kutoka Tengeru. Sebule ipo, spika zipo, na mzee mwenyewe yupo nje anakata majani ya ng'ombe. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya irukeni msome mbele.

Mume wangu anaitwa Anaeli. Tangu tuoane ni mtu wa redio.

Kila asubuhi kabla ya chai anasikiliza matangazo ya vifo. Vijana mtacheka, lakini kwa watu wa umri wetu hayo matangazo ndiyo yanayotufunga pamoja. Unasikia fulani amefariki, habari ziwafikie fulani wa Usa River, fulani wa Machame, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Ukisikia mtu wako, unavaa koti unakwenda. Usipokwenda kuzika na wewe mwenyewe ni mzima, watu hawasemi kitu, ila wanakumbuka.

Sasa masikio yake yakaanza kupungua. Mimi sikuelewa haraka. Nikimwambia chai inapoa, ananijibu habari ya dawa ya kahawa. Redio anaizungusha mpaka mwisho, nayo ni redio ndogo ya spika moja, inakoroma tu kama mtu mwenye mafua.

Alikuwa na rafiki yake, Eliakimu wa Ngarenanyuki, ng'ambo ya mlima. Hao walipata kipaimara pamoja. Siku hiyo walikuwa na viatu jozi moja kati yao wawili. Eliakimu akatangulia mbele kwa mchungaji, akarudi akavua, Anaeli akavaa akaenda. Urafiki wao ni wa hivyo.

Eliakimu akafariki.

Redio ilitangaza, tena ikarudia. Mume wangu alikuwa amekaa mbele yake kama kila asubuhi, mkono shavuni, anasikiliza. Hakusikia.

Mimi sikuwepo, nilikuwa Moshi kwa binti yetu Ndeshi, alikuwa amejifungua. Watoto wa Eliakimu walipiga simu, lakini namba waliyokuwa nayo ni ile yetu ya zamani.

Tulikuja kujua kwa Mama Nasinyari, mama mmoja tunayejuana sokoni Tengeru, mazishi yameshapita. Akaniambia, "Mbona mzee wenu hatukumwona Ngarenanyuki? Tulidhani anaumwa."

Nilipomfikishia habari hiyo aliinuka. Aliizima redio, akaizungushia waya wake, akaiweka chini ya kitanda.

Baada ya hapo akaacha kwenda ibada za jumuiya. Nikimuuliza ananiambia, "Nikienda nitaitikia amina mahali si pake." Wageni wakija anatoka kwenda migombani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa anajibu maswali ambayo hakuyasikia, basi.

Wakuu, kilichoniogopesha ni hicho. Mtu yupo nyumbani, anakula, analala, lakini anahama kidogo kidogo na wewe unamwangalia. Nikasema hapana. Mimi huyu mtu sijamaliza kuongea naye.

Kabla hamjaniandikia habari ya hospitali, tulikwenda. Walimsafisha nta, wakampima, daktari akasema kilichobaki ni umri. Akampa ajaribu kile kifaa cha kuweka sikioni. Alikivaa siku kadhaa, akasema kuku wamekuwa wakubwa kuliko ng'ombe, akakitia mfukoni mwa koti. Bado tunaendelea kumbembeleza. Ila mwenye mzee nyumbani aanzie hospitali, asianzie dukani.

Ikafika Krismasi. Watoto wote wakapanda. Mkubwa wangu Elifuraha, ambaye ni fundi wa kuchomelea kule Sombetini, akaingia na boksi begani. Walikuwa wamejichanga wote. Sabufa!

Ina taa za bluu zinazokimbiakimbia, ina rimoti, ina bluetooth, ina mahali pa flashi. Tukapiga vigelegele. Ikawekwa pembeni ukutani, kona ile ya kabati la vyombo, na vispika vyake viwili vikapandishwa juu ya kabati.

Ilipowashwa, vikombe vyangu vikaanza kucheza ndani ya kabati. Bati likaitikia. Sebule yetu haina dari, ni bati juu na vigae chini, kwa hiyo kila kitu kinachotoka kinapanda juu, kinagonga, kinarudi. Jirani yetu Ndewario akaja mbio na kikombe chake cha chai mkononi.

"Mama Elifuraha, hiki ni kitu! Mziki mnene huu!"

Wote wakamgeukia mzee. Elifuraha akamwinamia sikioni.

"Baba, unasikia sasa?"

"Nasikia."

"Unasikiaje?"

"Kama lori linapanda na mizigo."

Wakacheka sana. Mimi sikucheka, maana namjua. Alikuwa hatanii.

Wageni walipoondoka nikamwekea redio kwenye hiyo sabufa. Mtangazaji akasoma. Mzee akaweka mkono kifuani. Akaniambia, "Mama Elifuraha, hii nasikia hapa. Maneno siyasikii."

Nikaongeza sauti. Lori likawa kubwa zaidi. Akanyanyuka akaenda zake migombani.

Hapa ndipo wengi wenu mnaishia, mnadhani mtu asiyesikia anahitaji sauti kubwa. Nilidhani hivyo hivyo.

Nikashuka mjini, nikaenda Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, kwa fundi mmoja anaitwa Pantaleo. Ni Mchaga wa Rombo. Mama yake, Apolinaria, niliuza naye ndizi miaka ile, tulikuwa tunagawana kivuli cha mwavuli mmoja. Huyu kijana anatengeneza redio na anauza spika za mtumba.

"Shikamoo bibi. Umeniletea redio gani leo?"

"Marahaba. Redio sina, nina swali. Kwa nini mzee wangu anasikia ngurumo na hasikii maneno?"

Akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Akaniuliza, "Akiongea mwanamume na akiongea mwanamke, anamsikia nani?"

"Mwanamume, kidogo. Wajukuu zake wa kike hawasikii kabisa."

"Na mmemwekea nini?"

"Sabufa."

Akatikisa kichwa. "Bibi, besi ni mwili wa sauti. Lakini maneno yanakatwa na zile sauti nyembamba za juu, zile za s, za t, za f. Masikio ya uzee yanapoteza za juu kwanza. Za chini anazo bado. Sasa ninyi mmemwongezea alichonacho mpaka kimefunika alichopungukiwa."

Nikaelewa hapo hapo. Niliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika tangu nikiwa msichana. Wanaume wa besi wakizidisha, wimbo unakuwa mkubwa na watu nje wanasimama, lakini hakuna anayejua mnaimba nini. Mwalimu wetu wa kwaya, marehemu Ndelilio, alikuwa anawashushia mkono hivi, na maneno yanatokea.

Nikamwambia Pantaleo, "Basi nataka spika zinazosema. Zinazoimba baadaye."

Akanipeleka kwenye rafu zake. Na mimi nikatoa vitu vyangu viwili nilivyokuja navyo. Cha kwanza, simu. Asubuhi ile nilikuwa nimerekodi matangazo ya vifo redioni. Akayaunganisha, mtangazaji akaanza kusoma dukani.

"Bibi wewe! Wenzako wanakuja kujaribu spika na bongofleva, wewe unakuja na marehemu!"

Cha pili, pamba. Nikachana pamba, nikaziba masikio yote mawili barabara.

Pantaleo akakaa chini kwenye stuli. Akawa anaongea, naona mdomo tu. Nikatoa pamba ya upande mmoja.

"Nimesema nimeona wateja wa kila aina, lakini anayeziba masikio ndiyo anunue spika, sijawahi!"

"Mimi sinunui za kwangu," nikamwambia. "Nasikiliza kama yeye."

Palikuwa na kijana mwingine anasubiri redio ya gari lake. Naye akachangia. "Bibi chukua ile yenye taa, inapendeza."

"Hiyo taa nitaisikia na nini?"

Akacheka, akaniachia.

Tukajaribu za kwanza, ndefu nyeusi, zimesimama kama askari wa benki. Mtangazaji akasikika kama anaongea kutoka ndani ya pipa. Hapana.

Za pili zinang'aa. Hizo zilikuwa na zile s nyingi mno, ssss, kama mafuta ya kukaangia. Bila pamba zinachoma. Ukiwa na pamba zinasikika, ni kweli, lakini nikafikiri, je, ataweza kukaa nazo mpaka chai iishe? Mzee akichoka na sauti hasemi, anaondoka. Hapana.

Za tatu Pantaleo alizitoa chini kabisa, nyuma ya majiko. Maboksi mawili ya mbao, si makubwa, kona moja imeliwa. Wala hazikuwa za kujivunia. Akaziunganisha. Nje yakapita malori ya Namanga yakifuatana, na mimi nimeziba masikio, na katikati ya hayo yote nikasikia mtangazaji anasema "Kikatiti." Kisha nikasikia "mkwewe." Kisha nikasikia jina la mtu mzima, la kwanza mpaka la ukoo.

Nikatoa pamba. "Hizi."

"Bibi, hizi hazina besi ya sherehe."

"Sherehe nimeshanunuliwa."

Amplifaya, ile mashine ya kusukuma spika, nilichagua yenye redio ndani yake na vifundo vikubwa vya kuzungusha, maana vidole vya mume wangu ni vya jembe. Ya rimoti sikutaka. Rimoti nyumbani kwangu zinaishia chini ya makochi.

Sasa sikilizeni makosa, maana hapa ndipo mtafaidika.

Nilifika nyumbani, nikaziweka zote mbili juu ya kabati la vyombo, karibu karibu, zikatazama bati. Halafu nikazifunika vitambaa. Vya kufuma, vile vyeupe vyenye maua. Wanawake wa huku mnanielewa. Kochi lina kitambaa, tivii ina kitambaa, redio ina kitambaa. Spika iliyo wazi sebuleni ni kama umemkaribisha mgeni kwenye meza iliyo tupu.

Nikawasha. Sauti ikawa imefifia, si ile ya dukani. Nikampigia Pantaleo.

"Bibi, umeziweka wapi?"

"Juu ya kabati."

"Na umezivisha?"

Nikaviangalia vile vitambaa. "Zimevaa vizuri tu."

"Zivue bibi! Hizo s na t zako zote zimebaki kwenye vitambaa!"

Nikazivua. Roho iliniuma, kitambaa kimoja kilikuwa cha mama mkwe wangu, Nderetwa. Lakini hapo hapo mtangazaji akatoka nje kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Akanifundisha na mpango wenyewe. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji viwe kama mafiga matatu, umbali sawa pande zote. Zisikae konani, kona inaongeza besi. Zisigandane na ukuta. Na zile kengele ndogo za juu za spika, zinazotoa sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ya mtu akiwa amekaa, zimwangalie.

"Sasa sogeza kiti cha mzee kije katikati ya chumba," akaniambia.

"Kiti hakisogei."

"Bibi, ni kiti tu."

Wakuu wa Kimeru na Kichaga mnajua. Kiti cha baba kina mahali pake. Cha mume wangu kinatazama mlango, mgongo ukutani, na toka tuhamie nyumba hii kipo hapo. Akikaa anaona anayeingia toka getini. Watoto hawakikalii. Ukikisogeza, ni kama umemwambia kazi yako ya kuangalia mlango imekwisha, kaa pale tulipokuwekea. Mtu ambaye tayari anajiona anatolewa, wewe umtoe na kwenye kiti?

Nikamuuliza Pantaleo, "Wewe, cha baba yako kule Rombo kimeshawahi kusogezwa?"

Akaguna kwenye simu. Halafu akasema, "Basi bibi, sogeza nyumba."

Na tukaisogeza.

Lakini kwanza Elifuraha alikuja kusalimia Jumamosi, akaikuta sabufa stoo, juu yake kuna debe la mahindi.

"Mama! Yaani zawadi yetu ndiyo imekuwa meza ya mahindi?"

"Si meza, ni mapumziko."

"Mama mimi sitanii. Tulijichanga. Ndeshi alikuwa na kichanga na bado alitoa mchango wake. Kama mlikuwa hamuitaki mngesema."

Alikuwa ameumia, nikaona. Mtoto mkubwa akiumia anaangalia viatu vyake, hata akiwa na mvi. Nikamsogezea gunia la kukalia pale pale.

"Mwanangu, baba yako hajapungukiwa mziki. Amepungukiwa maneno. Sabufa yenu Krismasi itatoka nje uani tutacheza mpaka bati la Ndewario lilie. Lakini ya kumrudisha baba yako redioni si hiyo. Alimkosa Eliakimu, unajua."

Akakaa. Akakuna kichwa.

"Hizo spika nyingine zinatakiwa kukaa juu kiasi gani?"

"Usawa wa masikio ya baba yako."

Akainuka. Akatoa futi yake mfukoni, maana fundi hatembei bila futi, akaingia sebuleni. Mzee alikuwa amekaa kitini kwake. Elifuraha akapiga magoti, akaweka futi chini, akaivuta mpaka sikioni.

Mzee akaruka. "Unanipima nini, jeneza?"

"Napima masikio, baba!"

"Kwani yatazikwa peke yake?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Elifuraha naye, na mwishowe mzee mwenyewe. Muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka.

Juma lililofuata Elifuraha akaleta stendi mbili alizochomelea mwenyewe, bomba nene na bati chini. Tulipoweka spika, zile bomba zikawa zinaitikia, chuma kinaimba chini chini. Tukampigia Pantaleo, akasema bomba tupu ni ngoma, lijazwe mchanga. Elifuraha akajaza mchanga mkavu, akaziba. Likanyamaza kimya.

Halafu ndiyo tukasogeza nyumba kuzunguka kiti. Kabati la vyombo, ambalo halijawahi kuhama toka lipande hapa, tukalivua vikombe vyote tukalipeleka ukuta wa pembeni. Makochi tukayabana. Stendi mbili zikasimama huku na huku upande wa mlango, zinamwangalia mzee. Sasa mgeni wangu akiingia anapita katikati ya spika kama bibi harusi. Waya tumeupitisha juu ya fremu ya mlango.

Chini nikatandika zulia juu ya vigae. Ukutani nyuma ya kiti nikatundika shuka zito la Kimasai, limekunjwa mara mbili, na mapazia nikaweka yale mazito. Ile sauti ya kugonga na kurudi ikapungua sana. Msidharau zulia, wakuu. Zulia langu limefanya kazi kuliko kifundo chochote cha amplifaya.

Bado kitu kimoja kilinisumbua. Mtangazaji alikuwa anasikika lakini hajulikani amekaa wapi, mara huku mara kule, kama mtu anayeongea huku anazunguka nyumba. Nikakaa kwenye mkeka mbele ya kiti, si kitini, nikafumba macho. Nikasema hapana, hawa wawili hawaimbi pamoja. Kumbe Elifuraha kwenye spika moja alibadilisha waya, mwekundu kaupeleka kwenye mweusi. Koni, ile karatasi ya spika inayocheza, moja inasukuma, nyingine inavuta. Tulipozirudisha, nyekundu kwa nyekundu pande zote mbili, mtangazaji akaja akasimama katikati ya mlango. Pale pale. Nilitaka kumkaribisha loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando.

Mwisho antena. Sisi tupo kwenye mkunjo wa mlima, redio inakuja na upepo mwingi, yaani ile mikwaruzo ya shshsh. Tukavuta waya mpaka juu ya nguzo nje, mbali na bati. Upepo ukaisha.

Vifundo navyo. Besi nimeishusha chini ya katikati. Ile ya sauti nyembamba nimeipandisha kidogo, isichome. Na sauti yenyewe, wakuu, ni ndogo kuliko ile ya redio ya zamani! Ndewario akipita nje hasikii kitu.

Mzee hakuja siku ya kwanza. Alipita akaziangalia, akasema, "Mmejenga kituo cha polisi sebuleni," akaenda migombani.

Sikumwita. Asubuhi niliwasha, nikamwekea chai yake kwenye kimeza kando ya kiti, basi. Chai haiwezi kunyweka ukiwa migombani. Akakaa. Akanywa. Mimi nilikuwa jikoni, najifanya napuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

Akamaliza, akatoka. Kesho yake pia. Lakini niliona chai inachukua muda mrefu kuisha.

Sikumuuliza unasikia au husikii. Wameshamuuliza wengi.

Ndipo asubuhi moja nikiwa nakamua ng'ombe nikasikia anaita kutoka ndani, ile sauti yake ya zamani.

"Mama Elifuraha!"

Nikaacha ndoo nikakimbia. Amesimama katikati ya sebule.

"Lete koti langu."

"Koti la nini, unakwenda wapi?"

"Loishiye wa Nduruma amefariki."

Loishiye ndiye aliyetuuzia ng'ombe wetu wa kwanza wa maziwa, tukamwita Neema. Nikasimama tu. Mzee anaendelea.

"Alikuwa hospitali. Wanazika leo saa nane nyumbani kwake. Wametaja mke wake Nashipai, wametaja watoto, yule Lemayani na yule wa kike aliyeolewa Monduli. Wametaja na mdogo wake wa Kisongo." Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, mimi na maziwa yangu mikononi. "Wewe ulikuwa wapi? Wametangaza, hukusikia?"

Mimi! Mwenye masikio mazima!

Kicheko kikanitoka. Nikaziba mdomo kwa mkono, maana mtu amekufa.

"Unacheka msiba?"

"Sicheki, Baba Elifuraha. Naleta koti."

Tulikwenda Nduruma. Alifika kaburini kwa miguu yake, akachukua udongo kwa mkono wake, akautupia. Nashipai alipomwona alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Nilijua wewe utasikia." Mume wangu akamjibu, "Nimesikia."

Mimi nilikuwa nyuma yake na huzuni yangu na furaha yangu, na sikujua ipi niiweke wapi.

Jumuiya ameanza kwenda tena. Anakaa mbele, na kama hakusikia anasema "rudia," haoni aibu. Redio ile ndogo imetoka chini ya kitanda, nimempa Ndewario.

Nilichojifunza ni hiki. Usichague spika kwa kuangalia ina ukubwa gani au inatikisa nini. Jiulize nani atakayekaa mbele yake na anakosa nini. Halafu nenda dukani na masikio yake, hata kama ni kwa pamba. Peleka sauti ya mtu anayeongea, si wimbo tu, maana wimbo unasamehe mengi. Na ukishanunua, kazi ni nusu. Nusu nyingine ni mahali ulipoziweka, zulia, pazia, na kuzivua vitambaa. Kiti cha mzee kiacheni, zungukeni ninyi.

Naomba maoni. Mwenye kujua namna ya kupunguza kelele za mvua juu ya bati lisilo na dari aniambie, maana masika yakianza mtangazaji wangu anamezwa mzima. Na wa sabufa msinikasirikie, Krismasi njooni tucheze.

Ila kabla ya kuandika, kama mna baba au bibi nyumbani anayejibu vitu asivyoulizwa, msimwongezee sauti. Mkaribieni mumuulize taratibu anasikia nini. Mkishajua, rudini hapa mniandikie, nami nitawajibu mmoja mmoja kwa majina.